Mungu aliye shimoni: hekalu la Gudimallam na mgongo wake wa tembo

*"Shikamoo Mwalimu. Mwezi wa Januari nilimsindikiza kaka yangu kutibiwa Vellore, kusini mwa India. Alipopata nafuu tulikwenda kutembea Tirupati, na dereva akatupitisha kijiji kinachoitwa Gudimallam kuona hekalu dogo la Shiva. Alisema ndilo la kale kuliko yote. Mungu mwenyewe yuko chini, kama shimoni, na nyuma jengo ni la mviringo. Dereva akasimulia habari za mtu aliyemkata mama yake kichwa, kisha akapigana miaka 14 kwa ajili ya ua moja. Sikuelewa kichwa wala miguu. Je, hadithi hiyo ndiyo iliyojenga hekalu, au hekalu ndilo lililozaa hadithi? Na yule mnyama anayening'inia mkononi ni mbuzi au swala?" Msomaji, Tanga.*

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuuguza. Swali la mbuzi au swala umelitupia mwishoni kama nyongeza, lakini kwangu mimi ndilo lenye uzito. Nitalifikia.

Kwanza tumnyooshe dereva kidogo. Ukisema "hekalu la kale kuliko yote" unachanganya vitu viwili, jengo na jiwe lililomo ndani. Jengo uliloliona lina umri wake wa kuheshimika, lakini kuta zake nyingi ni kazi ya zama za Wapallava, Wabana na Wachola, koo za kifalme za kusini, na matengenezo makubwa yalifanyika mwaka 1126, wakati wa mfalme Vikrama Chola. Jiwe ndilo la kale hasa. Wataalamu wengi huliweka karne ya 2 au ya 1 KK, wengine huenda nyuma hadi karne ya 3 KK, na wapo wanaolisogeza mbele karne kadhaa baada ya Kristo. Mimi niko na wale wa karne ya 2 au ya 1 KK, na sababu nitazitaja. Lililo muhimu ni kwamba jiwe lilikuwepo kabla ya jengo, na hilo lina maana kubwa kwa swali lako.

Sasa hadithi. Kila hekalu la kusini mwa India lina hadithi yake ya mahali, wenyewe wanaiita sthalapurana. Ya Gudimallam inaanza mbali na Gudimallam, kwenye kisa kinachojulikana India nzima.

Alikuwepo mtawa mkali, Jamadagni, na mkewe Renuka. Kusini wanasimulia kwamba Renuka alikuwa mwaminifu kiasi kwamba kila asubuhi alifinyanga mtungi wa udongo mbichi mtoni, akautekea maji bila kuuchoma, na mtungi haukuvuja. Siku moja akamwona mfalme akioga mtoni na wake zake. Hakufanya lolote, aliangalia tu, moyo ukamwenda kidogo. Mtungi ukayeyuka mikononi. Mume alijua alipomwona akirudi mikono mitupu. Akawaamuru wanawe wamuue mama yao. Wakubwa wakakataa, akawalaani. Wa mwisho, Rama, akachukua shoka akamkata. Baba akafurahi, akamwambia aombe chochote. Kijana akaomba mama yake afufuke na asikumbuke kilichotokea, na kaka zake watolewe laana. Yote akapewa.

Huyo ndiye Parashurama. *Parashu* ni shoka, kwa hiyo jina lake ni Rama wa Shoka. Wahindu wanamhesabu kuwa ni Vishnu mwenyewe, mmoja wa miungu yao mikuu pamoja na Shiva na Brahma, aliyeshuka duniani kwa mara ya 6.

Hapo ndipo wazee wa Gudimallam wanapoipokea hadithi. Mama amefufuka, sawa, lakini mkono uliomkata bado ni mkono uleule. Parashurama akakosa raha. Akashauriwa amwabudu Shiva kwenye linga, yaani jiwe la ibada linalomwakilisha Shiva, iliyokuwa katikati ya msitu. Akaitafuta siku nyingi, akaipata, akachimba bwawa kando yake. Bwawani likachipuka ua moja tu kila siku, na ua hilo ndilo alilomtolea Shiva. Kwa kuwa alikwenda kuwinda, alihitaji mlinzi wa ua, akamweka Chitrasena, mmoja wa wale viumbe wa porini wanaoitwa yaksha. Chitrasena hakukubali kazi ya bure. Ujira wake ulikuwa mnyama wa kuwindwa na tembo la kunywa kila siku.

(Namaanisha tembo la kugema, jamani, lile la mtungini. Yule mwenye mkonga yuko njiani anakuja.)

Siku moja Parashurama amechelewa porini, Chitrasena naye akashikwa na hamu ya ibada. Alikuwa mcha Mungu vilevile. Akalichuma ua, akamtolea Shiva yeye mwenyewe. Parashurama aliporudi akakuta bwawa tupu, akamvamia. Wakapigana miaka 14. Ardhi ikachimbika chini ya miguu yao mpaka pakawa shimo. Hakuna aliyeshinda. Shiva akatokea, akaona wote wawili walikuwa wanapigania kumwabudu yeye, akawaunganisha ndani yake. Ndiyo maana wenyeji wanasema jiwe lile ni watatu katika mmoja: linga ni Shiva, mwenye shoka ni Vishnu, na kiumbe aliye chini ni Brahma, kwa sababu Chitrasena alikuwa mfuasi wa Brahma. Na kwa Kitelugu, lugha ya wenyeji, *gudi* ni hekalu, *pallam* ni shimo au pahali pa chini. Gudipallam, wanasema, ndiyo iliyokuja kuwa Gudimallam.

Hapo dereva wako alikuwa sahihi kabisa, isipokuwa alisimulia akiwa kwenye usukani.

Tuingie ndani. Kabla ya hapo ondoa akilini mahekalu ya mtaa wa Kisutu pale Dar es Salaam. Yale yamejengwa na jamaa wa asili ya Gujarati, magharibi mwa India, na ni mapya kwa kulinganisha. Kusini ni desturi nyingine. Unapita langoni unaingia uani, na ua umezungushiwa ukuta. Kando kuna vihekalu vidogo: wa mke wa Shiva, ambaye hapa anaitwa Anandavalli, wa mwanawe Subrahmanya, na wa Surya, jua. Katikati ndilo jengo kuu, linalotazama mashariki. Unaanzia kwenye ukumbi wa nguzo, unapita ukumbi mdogo, halafu unafika mlangoni pa chumba cha ndani, garbhagriha. *Garbha* ni mimba, au tumbo linaloibeba, na *griha* ni nyumba. Usishangae basi kwamba ni pembamba na pana giza, na kwamba taa ya mafuta ndiyo inayokuonyesha kilichomo.

Na hapo mlangoni ndipo ulipolazimika kutazama chini. Katika mahekalu mengi sakafu hupanda kadiri unavyomkaribia mungu, au hubaki sawa. Hapa inashuka.

Nilipokwenda mara ya kwanza nikiwa mwanafunzi, nilimkuta mwenye funguo amelala, akanifungulia bila neno, na nikadhani nimekosea chumba. Nilitazama mbele usawa wa macho yangu, nikaona ukuta. Akaniashiria kwa mkono: chini, chini.

Ukitoka ukizunguka nje, unazunguka kwa saa, hekalu likiwa mkono wako wa kulia. Waliokwenda kuhiji wataona ni kinyume cha tawafu, ambapo Kaaba huwa kushoto. Ukifika nyuma unaikuta ile duara. Jengo limenyooka pande mbili, halafu limefungwa kwa nusu mviringo, kana kwamba mihrabu ya msikiti imekua ikawa upana wa nyumba nzima. Jina lake katika vitabu vya waashi wa Kihindu ni gajaprishtha. *Gaja* ni tembo, huyu sasa wa mkonga, na *prishtha* ni mgongo. Ukimwangalia tembo kwa nyuma akiwa amesimama, ndilo paa lile. Kama mlipata nafasi ya kufika Mahabalipuram, karibu na Chennai, kuna vihekalu vya karne ya 7 vilivyochongwa kwa mwamba mmoja mmoja, na kimojawapo, kinachoitwa cha Nakula na Sahadeva, kina mgongo wa namna hii. Pembeni yake wachongaji wakamchonga tembo mzima amesimama, amegeuka upande uleule. Sijui mzaha wa waashi uliodumu zaidi ya huo.

Umbo lenyewe si la Shiva peke yake. Wabuddha nao walilitumia tangu kale kwa kumbi zao za ibada, na jimbo la Andhra, ambamo Gudimallam imo, limejaa mabaki yake, Guntupalli kwa mfano. Baadaye mahekalu mengi ya Kihindu yalishika chumba cha mraba, na mgongo wa tembo ukabaki hapa na pale. Kwa hiyo ukiona umbo hili kusini, mara nyingi kuna ukale chini yake.

Na hapa upo kweli, chini ya sakafu. Mwaka 1973 Idara ya Akiolojia ya India, ambayo imelitunza hekalu tangu 1954, ilianza kuchimba ndani, kazi ikiongozwa na I. K. Sarma. Walikuta kwamba mwanzoni linga ilisimama peupe, bila nyumba yoyote. Ilikuwa imezungushiwa uzio wa mawe wa pembe nne, nguzo fupi zilizounganishwa kwa mawe ya kulala, wa aina ileile inayozunguka minara ya Kibuddha ya zama hizo. Baadaye likajengwa jengo la matofali lenye mgongo wa mviringo. Baadaye tena likaja hili la mawe. Kule Mathura, kaskazini, kumepatikana jiwe la kuchongwa la karibu wakati huohuo linaloonyesha jambo hili hasa: linga juu ya jukwaa, chini ya mti, ndani ya uzio, na waabudu wake kando. Ukitaka kujua Gudimallam ilionekanaje siku za kwanza, tazama mchoro ule. Hiyo ndiyo sababu yangu ya kwanza ya kuliweka jiwe nyuma sana. Sababu ya pili ni uchongaji wenyewe, unaofanana na sanamu za yaksha za Sanchi na Bharhut, mahali pa kale pa Kibuddha katikati ya India, kuliko Shiva yeyote wa baadaye.

Sasa shimo linajieleza. Unajua zile nyumba za zamani mtaani ambazo barabara imemwagiwa kifusi na lami mara tatu nne, mpaka sasa ukitoka barazani unapanda? Nyumba haikuzama, mtaa ndio uliopanda. Linga ya Gudimallam iko pale ilipowekwa. Kila kizazi kilichojenga kiliinua sakafu kuizunguka, lakini nani atathubutu kumng'oa mungu ampandishe? Wakamwacha, na yeye akabaki chini kwenye ardhi ya zama zake.

Kwa hiyo swali lako kubwa nalijibu hivi: kwa Gudimallam, jiwe ndilo lililozaa hadithi. Sisemi hivyo kwa dharau. Jaribu kujiweka mahali pa mtu wa kijiji, tuseme miaka 1,000 iliyopita. Umezaliwa umelikuta jiwe. Waliolichonga wamekufa zamani, hawakuacha maandishi. Maandishi ya kale ya hapo ni ya Kitamili, ya kuanzia zama za Wapallava, na yanahusu ardhi, fedha na ng'ombe waliotolewa ili ibada isikatike. Hakuna hata moja linalosema nani aliweka linga. Mtoto wako anakuuliza, baba, kwa nini mungu yuko shimoni? Na kile kilicho chini ya miguu yake ni nini?

Litazame jiwe kama mtoto huyo. Ni la kahawia iliyoiva, gumu, limesuguliwa likang'aa, kimo chake kama meta 1.5. Nikuambie bila kuzunguka, maana dereva hakukuambia: linga hii ni umbo la uume, na tofauti na linga nyingi za baadaye ambazo ni nguzo laini isiyokusudia kufanana na kitu, hii imechongwa wazi, kichwa na mfereji wake. Mbele yake, akitokeza kwenye jiwe lilelile, amesimama mwanamume kijana mwenye mabega mapana. Ana mikono miwili tu, si minne. Hana ule uzi mtakatifu wa kifuani ambao Shiva wa baadaye haukosi. Nguo yake ya kiunoni ni nyembamba mpaka mwili unaonekana. Amesimama juu ya mabega ya kibwengo aliyechuchumaa, masikio ya ajabu, miguu kama mikia ya samaki, na kibwengo yule anatabasamu kama mtu asiyeona uzito.

Kwenye bega la kushoto lipo shoka. Mkono wa kushoto una kijungu kidogo. Mkono wa kulia umemshika mnyama kwa miguu ya nyuma, kichwa kinaning'inia chini kama kuku wa sokoni.

Sasa irudie hadithi. Mwenye shoka anaitwaje? Rama wa Shoka. Mnyama ni wa nini? Ni ujira wa mlinzi. Kijungu je? Tembo la mlinzi. Na kiumbe aliye chini? Mlinzi mwenyewe, yaksha, na kwa kweli hata wanahistoria wa sanaa wanakubali kwamba ni yaksha au mmoja wa jamii yao. Shimo ni la miaka 14 ya vita. Hakuna kitu jiweni ambacho hadithi haikukigusa. Hadithi ya kutunga hewani haiwezi kufanana na jiwe kiasi hicho. Hii ilitungwa na mtu aliyekaa mbele ya linga na taa mkononi, akaisoma kuanzia begani hadi unyayoni.

Mahali pamoja tu inateleza, nalo ni jina. Maandishi ya kale ya hekaluni hayataji Gudimallam. Yanaita kijiji Tiruvipparambedu, jina linalohusu makazi ya Wabrahmani, bila shimo wala vita. Gudipallam ni jina la watu waliokwisha kulikuta shimo.

Na kwa nini wakatafuta watatu katika mmoja? Hili ni wazo langu, lichukue hivyo. Kijiji hiki kiko kwenye kivuli cha mlima wa Tirumala, makao ya Venkateswara, ambaye ni Vishnu, na mahujaji wanamiminika huko kwa maelfu kila siku. Hekalu dogo la Shiva kando ya jirani mkubwa namna hiyo lina faida gani kugombana naye? Hadithi inamwingiza Vishnu ndani ya jiwe la Shiva, tena kwa heshima, baada ya vita visivyo na mshindi.

Kuna na habari ya maji, ambayo huenda dereva aliisahau. Mto Swarnamukhi, "mwenye uso wa dhahabu", uko karibu, ingawa kwa miezi mingi ni mchanga tu. Wenyeji wanasema kwamba mara moja kila miaka 60 maji hupanda yenyewe kutoka chini ya chumba cha ndani, humwogesha mungu, kisha hushuka, na kwamba yanatoka Kashi, yaani Varanasi. Wanataja Desemba 2005 kuwa mara ya karibuni. Kashi iko zaidi ya kilometa 1,000 kaskazini. Lakini chumba kilicho chini ya usawa wa ardhi, kando ya mto wa msimu, ndani yake kuna kisima kidogo, kikipata maji mwaka wa mvua kubwa hakihitaji Kashi.

Haya, mnyama. T. A. Gopinatha Rao, aliyelitambulisha jiwe hili kwa wasomi mwaka 1911, alimwona kondoo dume. Wengine baada yake wakaandika swala. Nawe umeona mbuzi, na macho ya mtu wa Tanga kwa mbuzi nayaheshimu. Angalia lakini kila mmoja anaona kutokana na nini. Shiva wa baadaye, hasa wa kusini, hushika swala mdogo aliye hai, amesimama kwa miguu yake juu ya vidole. Aliyezoea sanamu hizo akifika Gudimallam anaona swala hata kabla ya kutazama. Mwenyeji aliyelelewa na hadithi naye lazima aone mnyama wa porini, kwa sababu Parashurama alikwenda kuwinda, na hakuna anayewinda kondoo. Mimi nimetazama pembe na shingo mara mbili kwa taa, nikabaki na Rao: kondoo dume, mnyama wa zizini, anayepelekwa kuchinjwa madhabahuni. Ikiwa ndivyo, basi kijana yule hakuwa akitoka mawindoni hata kidogo, na siku wazee walipomsimulia kuwa mwindaji, walikuwa wamekwisha kusahau sadaka ya damu iliyotolewa hapo peupe, ndani ya uzio, kabla hapajawa na paa.

Kaka yako akirudi Vellore kwa uchunguzi, piteni tena asubuhi, kabla linga haijavishwa nguo na maua. Mwombe pujari, yaani kuhani wa hekalu, ashushe taa upande wa kulia wake, karibu na goti. Pembe ziko hapo.